Setilaiti Haina Shangazi Mollo

Habari za kifo zilinikuta mahali ambapo habari zote hunikuta: kwenye kiti changu cha barazani hapa mtaa wa Majengo, Sumbawanga, kile ambacho mke wangu hudai ndicho hasa nilichofunga nacho ndoa. Alikuwa anatoka sokoni. Akatua kikapu, hakunisalimia. "Mama Hewa ametutoka," akasema. "Alfajiri hii, kwa mama yake, Mollo." Nilikuwa nimekwenda kumwona juma lililotangulia; mwili ulikuwa umekwisha lakini ulimi ulikuwa mzima. Mke wangu akaongeza, kwa sauti ile anayoitumia anapojua kuwa jambo la pili litaniuma kama la kwanza: "Na unajua nani kapewa kusoma wasifu wa marehemu?" Akamtaja. Wasomaji wangu, katika maisha yangu nimesimama mara chache sana bila kuitiwa chakula. Siku hiyo nilisimama.

Huyo aliyetajwa mimi simtaji. Mhariri ameniomba, nami ni mtu mtiifu nikiwa nimekaa. Tumwite Mheshimiwa, cheo ambacho mwenyewe hukipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Itoshe kusema kwamba ndiye aliyemfanya marehemu aonekane mwongo mbele za watu, akaharibu shamba la mama yake, kisha akamwondolea kazi; na sasa ndiye aliyechaguliwa kutueleza marehemu alikuwa nani. Safu za kumbukumbu huandikwa kwa majonzi. Hii naiandika kwa hasira, na radhi naiomba kwa familia peke yake. Nimeapa jambo moja tu: neno la mwisho juu ya mwanamke yule lisibaki kinywani mwa mtu huyo.

Mama Hewa lilikuwa jina la mtaani, na alilipenda. Alizaliwa kijijini Mollo, akasoma shule zilizompeleka mbali, mbali kuliko kidato changu cha nne kinavyoweza kumsindikiza, akafanya kazi na watu wanaopima gesi za angani kwa setilaiti. Kisha akarudi kwao, jambo ambalo wengi hapa mjini walilihesabu kuwa ni kushindwa. Alipanga nyumba inayopakana na yangu, na juu ya paa la jengo moja kule Milanzi akafunga chombo chake: kisanduku cheupe chenye jicho la kioo, kinachogeuka taratibu kulifuata jua. Kazi yake ilikuwa kuihakiki setilaiti. Kila siku, muda mfupi baada ya saa saba mchana, setilaiti ilipita juu yetu ikipima ozoni na gesi za moshi kutoka huko iliko. Naye wakati huohuo aliipima hewa ileile kutoka chini. Majibu yakilingana, wenye setilaiti walilala usingizi. Yasipolingana, walimpigia simu.

Siku moja nilimwuliza mtu anawezaje kupima kitu asichokiona. Alikuwa amekaa barazani kwangu, chai mkononi. "Kila gesi ina mwanga wake inaopenda kuumeza," akasema. "Ozoni humeza ule unaounguza ngozi. Mimi siioni gesi, kaka. Naona mwanga uliopungua, kama mkeo anavyofunua chungu akajua umepita jikoni." Nikamwuliza tena, hiyo ozoni ni njema au mbaya, maana redioni leo husifiwa na kesho hulaumiwa. "Ozoni ni kama mkwe," akajibu. "Akikaa kwake huko juu, ni heshima na ni kinga. Moshi na jua vikiizalisha huku chini, ni mkwe amehamia sebuleni: mnaanza kukohoa, na mazao yanasinyaa." Nikasema kumbe hata mimi ningeweza kuwa mtaalamu wa hewa. Akanitazama kuanzia ndala mpaka kofia. "Wewe ni naitrojeni," akasema. "Umejaa nyumba nzima na hakuna unachofanya." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo chai ya jirani yetu ilikuwa na maziwa mengi kuliko yangu.

Sasa niwaeleze wale msiotoka Ufipa, maana bila hili hamtaielewa hasira yangu. Wakulima wetu wana njia yao ya zamani ya kurutubisha ardhi bila kuwasha kiberiti. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukusanya nyasi, huzifunika kwa udongo uliogeuzwa, na shamba hujaa matuta ya mviringo, yamejipanga kama vichwa vya watu kanisani. Wazee huyaita ntumba. Juu yake hupandwa maharage. Ndani nyasi huoza polepole. Mvua mpya zikianza, matuta hubomolewa, udongo ule mweusi hutawanywa, na hapo ndipo ulezi unapokubali. Lakini asubuhi za baridi yetu ya Juni, jua likianza kuyapiga, matuta hayo hutoa mvuke. Mtu akipita ndani ya gari, vioo vimefungwa, na shamba analijua kwa kulipita tu, anaweza kuapa kwamba chini yake kuna kitu kinaungua.

Mheshimiwa alipita ndani ya gari, vioo vimefungwa. Akapiga picha kwa simu. Na msimu huohuo alikuwa amepata ramani ya setilaiti iliyochapishwa kwa rangi, ikionyesha ile gesi ya moshi iitwayo kaboni monoksidi, na juu ya uwanda wetu kulikuwa kwekundu kama pilipili. Akaiweka ramani kando ya picha, akapata jibu: watu wa Mollo wanachoma mkaa kwa siri, shamba zima ni matanuri. Akaitisha mkutano ukumbini. Mimi sikuwepo, nilikuwa mnajua wapi, lakini nilisimuliwa na marehemu, na baadaye na mama anayepika chai ya ukumbi ule, na masimulizi yao hayakupishana. Mheshimiwa alisema matanuri yote yabomolewe. Marehemu akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, gesi hii hukaa hewani majuma mengi, na husafiri. Setilaiti haipimi shamba. Inapima hewa yote, kuanzia ardhini mpaka juu kabisa, na kuijumlisha pamoja. Moshi wa mioto ya bondeni Rukwa na wa huko mbali kusini unapita juu ya vichwa vyetu, ramani inaupaka rangi hapa. Ni sawa na kumwona tai juu ya paa la mtu ukasema mtu huyo anafuga tai."

"Na picha hii? Nayo inasafiri?"

"Hayo ni matuta ya nyasi. Twende Mollo sasa hivi. Chagua tuta unalolitaka, ingiza mkono mpaka kwapani. Ukiungua, mimi naacha kazi."

"Siwezi kuchafua mkono kwa jambo ambalo setilaiti imekwisha kuliona," Mheshimiwa akasema. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kitamu mdomoni. "Mama yako ana shamba huko, sivyo?"

"Analo."

"Basi kaa chini, dada. Setilaiti haina shangazi Mollo."

Ukumbi mzima ukacheka. Mpika chai aliniambia kwamba watu walicheka kwa sababu ulikuwa mzaha mzuri, na hilo ndilo lililomchoma marehemu zaidi: mzaha mzuri ulioua jambo la kweli. Aliketi. Miaka yake yote ya kupima, kusawazisha, kurudia na kuhakiki ikafunikwa na shangazi mmoja.

Wakatumwa vijana wenye majembe. Mama yake marehemu, mzee ambaye nikimwamkia shikamoo huona haya mimi mwenyewe kwa uvivu wangu, alitoka na kusimama ukingoni mwa shamba. "Mnatafuta nini, wanangu?" akawauliza. "Moto, bibi." "Haya. Mkiupata mniletee na mimi, jikoni kwangu umezimika." Hawakuupata. Hakikutoka hata kipande cha mkaa cha kuchorea ukutani. Zilitoka nyasi zilizoanza kulainika, na minyoo, na ubaridi. Lakini amri ilikuwa imetoka, na amri yetu ikishatoka hairudi nyumbani kwa sababu ndogo kama ukweli, kwa hiyo waliendelea kusawazisha mpaka mwisho. Nyasi zikaanikwa juani, upepo wa Julai ukazibeba. Mvua ziliporudi hapakuwa na cha kutawanya, na ulezi wa mwaka ule, kwa mama yule na kwa majirani zake, haukuwepo. Hakuna aliyesema samahani. Marehemu aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Kaka, gesi ile haina rangi. Wekundu uliwekwa na mtu aliyekaa kwenye kompyuta, ili macho yaone tofauti ya hapa na pale. Angechagua bluu, matuta ya mama yangu yangekuwepo mpaka leo."

Sasa, msidanganywe na ile picha ya tabasamu iliyowekwa juu ya jeneza. Marehemu alikuwa mtu wa kisasi, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nimpende. Wengine hasira zao huwaka na kuzima kama kifuu. Yake aliivundika. Aliifunika udongo, akapanda maharage juu yake, akaendelea kumsalimia Mheshimiwa kila walipokutana, "Habari za siku nyingi, Mheshimiwa," huku chini nyasi zinaoza. Nilimshauri mara nyingi amwumbue upesi. Mheshimiwa naye ana shamba kubwa kule kwenye mteremko wa bonde, na huko hakuna matuta wala subira. Huwashwa kiberiti tu. Siku moja ramani ilipoonyesha wekundu upande ule nilimwambia marehemu, huku nikikaribia kabisa kuinuka kitini: "Ipeleke ukumbini! Mwanike!" Akakataa. "Siwezi kumpiga kwa fimbo ya uongo aliyonipigia yeye. Ramani hii haiwezi kulitaja shamba la mtu, si la mama yangu wala si lake. Nitampiga kwa kitu alichokifanya kwa mkono wake."

Mwaka uliofuata, majira ambayo ulezi ungekuwa umekwisha kuvunwa, walikuja wageni: wenye setilaiti wenyewe, kuja kukikagua chombo cha Milanzi. Mheshimiwa alijitwika uenyeji. Akaagiza akina mama wa Mollo walete pombe ya ulezi, wageni waone utamaduni wetu. Akina mama wakaja kwa nyimbo na vigelegele, chungu kikubwa kichwani, wakakitua mbele yake. Mama yake marehemu akapiga goti kwa shida, akachota kwa kata, akampa mwenyeji kwanza, kama heshima inavyotaka. Mheshimiwa akainua kata, akawatazama wageni, akapiga funda refu la mtu anayepigwa picha. Akasimama hapohapo, mashavu yamejaa.

"Haya ni maji," akasema kwa sauti ya chini alipomeza.

"Ni maji, baba," mama akajibu, na sauti yake haikuwa ya chini. "Ulezi ulikuwa kwenye yale matanuri. Kunywa, yapo mengi."

Wageni wakauliza mama amesema nini. Marehemu akawatafsiria neno kwa neno, bila kuongeza chumvi, kwa kuwa haikuhitajika. Mgeni mmoja, mwanamke aliyekuwa amevaa buti za matope, akaomba aione ramani iliyotumika. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Setilaiti yetu haikusema kuna tanuri hapa," akasema, na marehemu akatafsiri tena, safari hii kwa Kiswahili, polepole, ili hata waliokuwa nyuma wasikie. "Haina uwezo wa kusema hivyo. Ndiyo maana tuna huyu hapa chini, ili tumwulize." Mheshimiwa akacheka peke yake: "Akina mama zetu wana utani!" Jioni hiyo marehemu alikuja barazani akiwa amejaa raha kama mtoto wa sikukuu. "Uliuona uso wake, kaka?" Nikasema nilikuwa nyumbani. "Najua. Kaa nikuigizie." Akajaza mashavu, akatoa macho. Mke wangu alimwomba arudie mpaka chai ikapoa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa wamekutana na mwongo mwenye gari na dereva. Wageni walipoondoka tu, likatoka tangazo kwamba paa la lile jengo la Milanzi linahitaji ukarabati, na kila kilichopo juu yake kishushwe. Chombo cha marehemu kilishushwa kwa kamba, jicho limetazama chini, kikaingizwa stoo na kuegemezewa mifuko ya saruji. Paa halikukarabatiwa. Mpaka leo juu yake kuna tangi la maji linalovuja. Marehemu alikwenda ofisi hadi ofisi akidai chombo kirudishwe, na kila mahali alikaribishwa kiti. Wenye setilaiti waliandika, wakajibiwa kwa lugha nzuri. Kisha ugonjwa ukampata, na katika miezi ile alipokuwa bado anaweza kutembea, alikuwa akija uani kwangu kila mchana, baada ya saa saba, anasimama kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, anatazama juu. Hakuna kinachoonekana huko kwa macho. "Pita tu, mwanangu," alikuwa akisema. "Leo hakuna wa kukujibu."

Nimeifikiria sana sentensi hiyo, na kwa mtu wa kiti kufikiri ndiyo mazoezi pekee ya viungo. Tumeingia zama ambazo kila mkutano una picha ya rangi ukutani. Wakitaka kuhamisha watu, kuna ramani. Wakitaka kufunga soko, kuna mchoro unaopanda au unaoshuka. Mimi siichukii ramani. Marehemu alinifundisha kuiheshimu, maana bila setilaiti nani angejua kwamba moshi wa bondeni unavuka milima na mipaka, au kwamba ozoni inayotukinga juu huko inapungua au inapona? Lakini alinifundisha pia kwamba waliotengeneza kile kitu, wenye akili zao zote, hawakukiamini peke yake. Walitaka mtu chini. Walimlipia nauli, wakamfungia chombo, wakampigia simu kumwuliza: je, tumeona sawasawa? Mheshimiwa wetu hajawahi kuuliza swali hilo katika maisha yake, naye yuko juu kidogo tu, kiasi cha kiti cha mbele cha gari.

Basi nikaenda mazikoni. Ndiyo, mimi. Majirani waliponiona nimevaa viatu walidhani aliyefariki ni mke wangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kusema mara tu wasifu utakapomalizika, makali, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kuku. Mheshimiwa akasimama kwa suti nyeusi. Akasema marehemu alikuwa kama dada yake. Akasema yeye ndiye aliyemtia moyo katika sayansi, na kwamba kwa pamoja, naomba mlitazame neno hilo, kwa pamoja waliitangaza Mollo kwa wageni. Nikataka kusimama. Magoti yakanikumbusha mimi ni nani. Nikabaki benchini na maneno yangu makali, nikimchukia yeye na kuyachukia magoti.

Tukaenda makaburini. Padri akamaliza, udongo ukajazwa, likabaki tuta jipya, la mviringo kidogo, bichi. Mwita majina akaanza kuita watu wachomeke maua: familia, jirani, kisha viongozi. Mheshimiwa akapewa ua lake. Akainama. Kuchomeka ua kaburini, kama mjuavyo, hakuwezekani kwa ncha za vidole. Lazima usukume udongo kwa mkono. Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kichwa cha kaburi, khanga imemfunika. Akainua kichwa.

"Ingiza mkono, baba. Halina moto."

Mheshimiwa akabaki ameinama, ua hewani.

"Ingiza tu," mama akarudia, kwa upole, kama anamkaribisha chakula. "Usije ukarudi mjini ukasema hili nalo ni tanuri."

Nyuma yangu mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nadhani alikuwa mpika chai. Kisha mwingine, na mwingine, kikaenea mpaka kwa wachimba kaburi walioegemea makoleo. Wengi wa wale waliocheka ukumbini siku ile walikuwepo pale, na safari hii walijua wamcheke nani. Mheshimiwa hakuingiza mkono. Alililaza ua juu ya udongo, akajinyoosha, akatoa kitambaa cheupe akafuta vidole ambavyo havikuwa na vumbi. Upepo wa Ufipa haumsubiri mtu: kabla hajafika kwenye gari lake, ua lilikuwa limeviringika mpaka kwenye nyasi, na katika umati ule wote hakuna aliyeinama kuliokota.

Nilirudi nyumbani nikaandika haya kabla sijavua viatu. Somo ni fupi, na nalitoa kwenu ninyi wenye rangi nyingi mezani na dereva mlangoni. Hata setilaiti, iliyo juu kuliko wakubwa wote wa dunia hii, kila mchana ilipopita Sumbawanga iliuliza chini kabla ya kujiamini. Ukitaka kulihukumu shamba la mtu, au mtu mwenyewe, shuka kwanza, inama, ingiza mkono. Wa kwako, Mheshimiwa, tuliutazama sote siku ile ulipokuwa unaufuta. Ulikuwa safi kabisa.